Umevuka bahari kwenda kuchunga mbwa

Nyumbani Tanga wakiniuliza nafanya kazi gani huku Birmingham huwa nawatajia mbili, alfajiri nipo ghala la vifurushi, mchana natembeza mbwa wa watu. Ya kwanza inapita kimya kimya. Ya pili ndio wanaacha kula. Mjomba wangu alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika, kumbe anatafuta maneno, halafu akasema "Yaani mwanangu, umevuka bahari yote hiyo kwenda kuchunga mbwa?" Nikamwambia ndio mjomba, na nalipwa kwa saa. Akauliza shilingi ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza tena, ila mara hii nilisikia anamwita shangazi aje asikie.

Sasa mi simlaumu, maana hata mwenyewe nilianza kwa kucheka. Bibi mmoja mstaafu mtaani kwetu alifanyiwa upasuaji wa nyonga, ana spanieli wa rangi ya kahawia anaitwa Alfie, mbwa ana nguvu kama ana deni la mtu, bibi hawezi tena kutoka naye, akaniomba. Baadaye jirani yake naye akaniletea labrado mzee mnene, taratibu likawa ni jambo la kueleweka. Na mahali pa kuwapeleka ni Sutton Park, kwa sababu mtaani Alfie anavuta kamba mpaka bega linauma, lakini ukimfikisha kule kwenye nyika anakuwa mbwa mwingine kabisa.

Kwa wasiopajua, Sutton Park ipo kaskazini ya Birmingham, kwenye mji wa Sutton Coldfield ambao ulimezwa na Birmingham mwaka 1974 na mpaka leo kuna wazee wa pale bado hawajasamehe. Unapanda treni New Street, nusu saa haifiki umeshuka, unatembea kidogo tu unaingia geti la Town Gate. Eneo lake ni zaidi ya eka 2,400, hekta kama 970 hivi, kwa hiyo ukisikia neno paki usifikirie vile vibustani vya bembea na benchi mbili. Kuna msitu wa mialoni, kuna maziwa madogo saba ya kuchimbwa na watu, kuna sehemu za tope zinazomeza gumbuti, na katikati na upande wa magharibi kuna nyika yenyewe, uwanda wa wazi wa vichaka vifupi vya heather, manyasi makavu, miti ya hapa na pale, na chini kokoto za mviringo laini kama za mtoni, na ni za mtoni kweli, mto uliopita pale zamani mno, kabla binadamu hajafikiriwa.

Mwaka 1528 Mfalme Henry wa Nane alitoa hati, kwa juhudi za askofu John Vesey ambaye alikuwa mzaliwa wa pale pale, eneo lililokuwa la wakubwa kuwindia likawa la wakazi wa mji, wachunge mifugo yao humo. Ndio maana halijajengwa maghorofa. Kuna barabara ya Warumi inakatiza, ukionyeshwa utaiona kama tuta refu la majani, usipoonyeshwa unapita juu yake huku unaongea na simu. Kuna na jiwe la kumbukumbu ya kambi ya maskauti wa dunia nzima ya 1957, walipotimiza miaka 50, na yule muasisi wao Baden-Powell si kazikwa Nyeri, Kenya, basi nilipiga picha nikamtumia rafiki yangu wa Nyeri, akanijibu kwa kifupi "huyo ni jirani yetu".

Nije kwenye swali ambalo kila Muislamu wa pwani ananiuliza hata salamu haijaisha. Mate ya mbwa je?

Mi nimelelewa kwenye madhehebu ya Shafii kama wengi wetu, na kwa Shafii mbwa ni najisi, akikugusa kwenye umajimaji unaosha mara saba, moja yake kwa udongo. Wa Maliki wana nafuu yao, mi sibishani nao wala sihami kwa sababu ya kazi ya mchana. Nilimuuliza ustadhi wa msikitini kwetu huku akaniambia kazi haina tatizo, tatizo ni kuchanganya nguo zako. Kukavu kwa kukavu hakuambukizi, shida ni unyevu. Sasa wewe niambie, England, mbwa mkavu unamtoa wapi? Alfie akimwona kidimbwi cha maji anakitazama kwanza kwa heshima halafu analala humo. Kwa hiyo nina begi zima la nguo za mbwa, suruali ya mvua, koti, glovu, gumbuti, na hilo begi haliingii ndani ya nyumba, linakaa kibandani nje pamoja na ndoo ya udongo ambayo mke wangu mara ya kwanza alidhani nataka kupanda mchicha. Nikirudi navua pale pale, naosha inavyotakiwa, naingia msafi. Inachukua muda lakini ukizoea ni kama kuvua viatu mlangoni. Mama ndio alinimalizia wasiwasi, aliposikia watu wanasema sema akawaambia hata wale vijana wa pangoni waliotajwa kwenye Qurani walikuwa na mbwa wao, na hakuna aliyewafukuza.

Haya. Kitu cha kwanza nilichokielewa kule ni kwamba ile nyika sio pori lililojiotea. Nilikuwa nadhani Wazungu wameacha tu eneo likae hivyo kwa sababu wana ardhi ya kuchezea, kumbe kila siku kuna mtu anahangaika ili libaki wazi. Maelfu ya miaka nyuma watu walikata miti, wakachunga, wakavuna vichaka na nyasi kwa kuni, ardhi ikazidi kuchoka, na ile heather inapenda ardhi iliyochoka, yenye tindikali, ambayo nyasi nzuri zinaikimbia. Ukiacha kuchunga na kukata, miaka michache tu miche ya ule mti wa gome jeupe, birch, inajaa, nyika inageuka msitu wa kawaida. Uingereza imeshapoteza zaidi ya asilimia 80 ya nyika zake za namna hii tangu mwaka 1800, nyingine zimelimwa, nyingine zimejengwa, nyingine zimeachwa tu mpaka miti ikazila. Ndio maana utakuta ng'ombe ndani ya mipaka ya jiji la Birmingham, na poni wa Exmoor, wale farasi wafupi wa kahawia wenye mdomo kama wamechovya kwenye unga. Hawapo kwa ajili ya picha. Wapo kazini.

Sasa hapo ndio suala la kinyesi linapoingia, na naomba mniwie radhi kama unasoma huku unakula.

Kwa babu yangu mzaa mama kule Handeni samadi ilikuwa mali. Likizo zote za shule nilikuwa kwake, na mimi na binamu zangu ndio tulikuwa tunaibeba kwenda kwenye mahindi, na ukimwaga njiani unaitwa urudi uzoe. Kwa hiyo akili yangu yote ilikuwa inasema kinyesi cha mnyama kikidondoka shambani ni baraka, na nilipoona watu wazima wamevaa vizuri wanainama kuokota cha mbwa kwa kimfuko niliona ni usafi wa kupindukia. Kumbe kwenye nyika hesabu imegeuzwa juu chini. Pale mbolea ni adui. Ukirutubisha ile ardhi nyasi na majani yanayowasha kama upupu yanaamka, yanaifunika heather, inakufa. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walifanya hesabu kwenye hifadhi za pembeni ya mji wao na kuchapisha mwaka 2022, wakakuta mbwa wanamwaga kama kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka, kwa njia ya mkojo na kinyesi. Ukiokota kinyesi chote unaondoa karibu fosforasi yote, asilimia 97, lakini naitrojeni nusu na ushee tu kwa sababu nyingine imo kwenye mkojo, na mkojo huuokoti. Mbwa chakula chake ni cha kopo na cha gunia kutoka dukani, kwa hiyo tofauti na ng'ombe anayekula pale na kunya pale, mbwa anabeba rutuba ya kutoka nje na kuja kuiacha.

Mi nilichofanya ni rahisi. Mbwa karibu wote wanajisaidia dakika za mwanzo za matembezi, ukiangalia utaona pembeni ya maegesho na mageti majani ni ya kijani kibichi kuliko kwingine kote, sasa unajua kwa nini. Basi kabla sijafika kwenye nyika nawazungusha kwanza nje, barabarani, kwenye majani ya kando ya njia, wamalize shughuli zao zote, naokota, natupa kwenye pipa, ndio tunaingia. Wakiongeza ndani naokota vile vile. Na asubuhi ya Januari, vidole vimekufa ganzi, nisiwadanganye, kile kimfuko kikiwa na joto lake kuna sekunde mbili tatu unakifurahia.

Halafu kuna wale watu ambao mi sijawahi kuwaelewa na nadhani nitakufa sijawaelewa. Mtu anainama, anaokota vizuri kabisa, anafunga fundo zuri, halafu anakitundika kimfuko kwenye tawi la mti na kwenda zake. Sasa umefanya nini? Kingeachwa chini mvua ingekimaliza, sasa umekivika plastiki kikae miaka. Mzee mmoja ninayekutana naye sana pale huwa anavikusanya kwa fimbo huku anatukana taratibu kwa Kiingereza cha heshima, na kusema kweli ni burudani kumsikiliza.

Ng'ombe sasa. Hapa ndipo mshamba wa Handeni nilipopata heshima.

Waingereza wa mjini wanawaogopa ng'ombe kuliko wanavyokubali, na hawana makosa, kila mwaka kuna watu wanakufa kwa kukanyagwa na ng'ombe nchi hii, na kwa watembeaji wa kawaida mara nyingi kunakuwa na mbwa ndani ya kisa. Ng'ombe akimwona mbwa anamwona fisi, hata kama ni kale kambwa kanakovaa sweta. Ng'ombe kule wanakuwepo hasa miezi ya joto, na siku moja ya jua nimetoka na wote wawili, Alfie na yule labrado, nikakuta kundi limelala njiani kabisa, wengine wamesimama wanacheua, na mbele yao wapenzi wawili wameganda, dada amembeba mbwa wao kifuani juu kama mtoto mchanga. Kosa kubwa hilo. Ng'ombe wadogo wana udadisi, ukimnyanyua yule mnyama wanataka kujua ni nini hicho, wanakusogelea, na sasa wanachokitafuta kipo kwenye kifua chako.

Babu alikuwa na msemo wake, ng'ombe haogopi fimbo, anaogopa kushtukizwa. Basi nikafupisha kamba zote mbili, nikaanza kuongea kwa sauti ya kawaida ili wajue nipo, upuuzi tu, habari zenu, mmelalaje, kwa Kiswahili, nikatoka nje ya njia nikazunguka kwa mbali upande wenye uwazi. Popote penye ndama usipite kati yake na mama yake, hilo hata Handeni hufundishwi mara mbili. Madume matatu machanga yakaanza kutufuata kwa haraka haraka. Nikageuka nikasimama wima, mikono juu, nikatoa ule mlio wa babu, "heee" ya kutoka tumboni, yakafunga breki, moja likapiga chafya mpaka makamasi yakaruka kwenye suruali ya mvua. Tukaendelea. Wale wapenzi wakapita nyuma yangu kwenye mzunguko ule ule, na kaka akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Handeni. Akafikiri kidogo akataja mji wa hapo jirani, "Hiyo ni upande wa Walsall?"

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui, na nalirudia kwa kila anayeanza kazi hii: ng'ombe wakikukimbiza kweli kweli, achia kamba. Moyo unakataa, unaona unamtelekeza mnyama wa watu, lakini ng'ombe anamfuata mbwa, hakufuati wewe, na mbwa anakimbia kuliko ng'ombe na wewe hukimbii kuliko yeyote kati yao. Ukishatoka salama mbwa atakuja. Nilimweleza bibi mwenye Alfie mapema kabisa kwamba ikitokea nitafanya hivyo, akakubali, na nadhani ni vizuri kuelewana kabla kuliko kuanza kueleza baadaye. Upande wa pili nao una uzito wake, kuna sheria ya tangu 1953 inayomtia hatiani mwenye mbwa akisumbua mifugo kwenye ardhi ya kilimo, na mfugaji katika mazingira fulani anaweza hata kumpiga mbwa risasi na asifungwe. Kwa hiyo kamba karibu na mifugo ni lazima, haijalishi mbwa wako ni mpole namna gani. Kila mwenye mbwa anasema wake ni mpole.

Kwenye mwezi wa nne hivi, ukipanda kwenye zile sehemu za juu upepo ukiwa mdogo na jua limetoka, kuna kitu kilichonisimamisha mara ya kwanza nikaangalia nyuma kama kuna mtu anapika. Harufu ya nazi. Sio kufanana fanana, nazi kabisa, ile ya kwenye mbuzi wakati chicha bado nyeupe. Nikafuata pua kama Alfie mpaka kwenye kichaka kikubwa cha miiba chenye maua ya njano, gorse wanakiita, miiba yake haina utani, inapita hata kwenye jinzi. Nikasogeza uso taratibu. Ndio hicho. Kichaka cha Kizungu, kwenye baridi, kinanuka wali wa nazi wa Ijumaa. Nikampigia mama video akanijibu usinywe kitu chochote usichokijua huko.

Ndege wananipa kazi kuliko ng'ombe, kwa sababu ng'ombe unamwona. Kwenye nyika ndege kama kipozamataza anajenga kiota chini kabisa, kati ya manyasi, mayai yana madoa ya rangi ya udongo, unaweza kuweka mguu pembeni usione. Mbwa hahitaji hata kuyala. Akipita tu mara mbili mama anaruka, mayai yanapoa, au kunguru anaona alikotokea, imekwisha. Dume utamsikia, anapanda juu moja kwa moja kama amevutwa na uzi huku anaimba bila kuvuta pumzi, mpaka anakuwa nukta, halafu anashuka. Watu wanasimama kumsikiliza na kamba wameachia, mbwa yupo huko majanini anavuruga nyumba ya huyo huyo mwimbaji.

Kisheria, kwenye zile ardhi za wazi zilizo chini ya sheria ya mwaka 2000, kuanzia 1 Machi mpaka 31 Julai mbwa lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita 2. Mi naitumia hiyo kila nyika ninayokwenda, sichunguzi ramani ipo kundi gani, miezi hiyo nikitoka njiani Alfie yupo kwenye kamba basi. Kumwachia nina sehemu zangu, msituni kwenye njia pana, na hata hapo ni baada ya kumfundisha filimbi. Sio filimbi ya dukani, ni ile ya vidole viwili mdomoni ya kuitia ng'ombe, noti mbili, ya chini na ya juu. Nilianzia nyumbani kwa bibi, napiga, nampa kipande cha kuku, napiga, kuku, mpaka akawa anasikia mlio anaanza kumeza mate. Ndipo bustanini kwake, halafu barabarani, na msituni mwisho kabisa. Watu wanafanya kinyume, wanamwachia nyikani halafu ndio wanaanza kumwita jina, mara ishirini, kila mara kwa hasira zaidi, sasa mbwa gani atarudi kwa mtu anayefoka? Babu alikuwa anasema mnyama anayekukimbia ukimpata usimpige, utakuwa umempiga kwa sababu ya kurudi. Nimeona hilo pale Sutton mara nyingi, mbwa karudi anatikisa mkia, anapokelewa na kofi, kesho yake harudi, na mwenyewe analalamika mbwa mkaidi.

Maji nayo yana habari zake. Wengi wanawatia mbwa zile dawa za matone shingoni za viroboto, halafu siku ya pili mbwa anaogelea ziwani na dawa inaingia kwenye maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walipochambua vipimo vya mito 20 ya England, wakatoa matokeo 2020, fipronili ambayo ni moja ya dawa hizo ilikutwa karibu kwenye kila sampuli, na hiyo kwa kilimo ilishapigwa marufuku. Dawa ya kuua kiroboto inaua na wadudu wa majini, na wadudu wa majini ndio chakula cha kila kitu kingine pale. Bibi mwenye Alfie nilimwambia, akaongea na daktari wa mifugo, Alfie akahamia vidonge. Na wakati wa joto mkiona maji yamekuwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msimruhusu hata kulamba, ile mwani ya bluu-kijani inaweza kumuua mbwa siku hiyo hiyo. Wanaweka vibao ila usisubiri kibao, angalia maji.

Kupe mi nilidhani nimewaacha Handeni. Wapo tele, hasa kwenye zile fern ndefu, mimea ya majani kama manyoya, mwezi wa sita, wadogo kama mbegu ya ufuta, na wanaleta ugonjwa wa Lyme kwa watu na kwa mbwa. Baada ya kila tembezi nawapapasa, masikioni, makwapani, kati ya vidole, na glovu zangu. Kumtoa ni kwa kile kikoleo chenye pengo, unazungusha huku unavuta taratibu, usimminye wala usimchome na kiberiti kama tulivyokuwa tunafanya, atatapika ndani ya ngozi.

Kuhusu watu sitasema mengi. Ni kweli kwamba ukiwa na mbwa Waingereza wanakusalimia, ila wanamsalimia mbwa kwanza. Nina watu nimezoeana nao kabisa, tunaulizana hali, majina ya mbwa wao nayajua yote, yao wenyewe sijui hata moja. Kuna waliokuwa wananiangalia vibaya mwanzoni, mtu mweusi na mbwa wawili wa gharama, mmoja akaniuliza kwa ukali hawa mbwa ni wa nani. Nikamwonyesha kibati cha shingoni, maana kisheria kila mbwa akiwa nje lazima awe na jina na anwani ya mwenyewe, na chipu ndani ya ngozi tangu 2016, nikamwambia piga namba hiyo. Hakupiga. Tukikutana siku hizi anazungumzia hali ya hewa peke yake, mi namjibu, mvua ni mvua.

Mke wangu kakubali kuja Sutton Park Agosti pamoja na watoto, maana ndio mwezi heather inachanua na ile nyika yote inakuwa zambarau mpaka kwenye ukingo wa miti. Ana masharti yake. Alfie asipande gari letu, sufuria ya pilau ikae kwake na sio kwangu, na ng'ombe wakitokea mimi ndio nitangulie. Mkubwa wetu yeye anachotaka ni kufundishwa ile filimbi ya vidole viwili, anaijaribu sebuleni tangu juzi, jirani ameshagonga ukuta.